Ndege wa Jangwani Nyuma ya Jaa la Dandora

Ndege alikuwa pale pale nilipomwacha jana, amekaa chini, rangi yake na ya vumbi ni moja. Kama si ule mstari mweusi nyuma ya jicho, ungemkanyaga ukaendelea na safari yako. Jua lilikuwa ndiyo kwanza linachomoza. Nilimwelekezea Bwana Jackton kwa kidevu, maana ndege huyu ukimnyooshea mkono tu anatoroka.

"Yuko wapi, mama?"

"Mbele ya ile tairi. Tulia."

Akainua darubini. Haya, nikasema moyoni, sema sasa kwamba ni kwale!

Ndivyo alivyoniandikia. Wiki mbili zilizopita nilikitumia chama chao cha watazamaji ndege picha nilizopiga kwa simu, nikawaeleza kwamba huku nyuma ya jaa, mahali palipofukiwa udongo mwekundu na kukauka hata jani halioti, ametua ndege wa jangwani. Jackton ndiye katibu wa kumbukumbu. Ndege asiyeandikwa naye huhesabiwa kuwa hajaonekana Nairobi. Alinijibu kwa mstari mmoja: "Haiwezekani. Huenda ni kwale." Mimi! Mimi niliyezaliwa Tseikuru, nchi ya ukame, nikachunga mbuzi katikati ya ndege hawa, nisimjue kwale! Miaka kumi na tisa nimechambua plastiki hapa, na wapitao hunitazama kama wanavyotazama takataka zenyewe. Nilitaka mara moja tu jina langu, Muthoki Musyoka, liandikwe mahali kwa sababu ya kitu nilichokiona kwa macho yangu. Nilimsumbua Jackton kwa simu mpaka akachoka, akaja.

Alikuja na Kawsar, msichana wa Eastleigh anayewapigia picha. Tulilala kifudifudi sote watatu, vumbi puani, tukajikokota kwa viwiko hadi hatua ishirini hivi. Kawsar akanisogezea kamera yake.

"Piga wewe, mama. Ndege ni wako. Toa pumzi kwanza, ndipo ubonyeze."

Nikatoa pumzi, nikabonyeza. Nilimwona kwa ukaribu ambao sijapata kuuona: mdomo uliopinda kidogo, jicho jeusi, manyoya ya kifua yakipepea. Kisha akajisogeza, na chini ya tumbo nikaona yai, na ubavuni mwake la pili. Kumbe! Siku zote hizo nilijidai kwamba ananisubiri mimi, kumbe mwenzangu anaatamia, tena juu ya ardhi tupu.

"Picha nzuri," Jackton akanong'ona. "Lakini haitoshi. Wako wa aina mbili wanaofanana mno, tofauti iko chini ya bawa. Mmoja ni mweusi, mwingine kijivu. Lazima aruke. Kawsar, jiandae. Nitampigia makofi."

"Ana mayai," nikasema.

"Atarudi. Ni dakika moja tu."

Juu ya rundo la magunia walikuwa kunguru watano, na walikuwa wakitutazama sisi kuliko walivyomtazama ndege. Kunguru wa Dandora nawajua. Hawahitaji dakika.

"Hapana," nikasema.

"Mama, bila bawa siwezi kukuandika. Ndiyo kanuni. Unaelewa unachokikataa?"

Nilielewa, tena iliniuma, nisidanganye. Nilitaka lile jina kuliko nilivyowahi kutaka kitu. Nikamwona akiinua mikono, nami nikamkamata kifundo cha mkono wa kulia, nikaubana mavumbini kwa vidole hivi vilivyozoea kukunja mabati.

"Piga basi, Bwana Jackton. Piga kwa huo mmoja uliobaki."

Alijaribu kujinasua mara moja, akaona nitamvunja. Kawsar alikuwa amefunika lenzi, uso ameuficha kwenye mkono, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

"Nitaandika kwamba hakuna kitu," Jackton akasema.

"Andika. Tena andika kwa herufi kubwa."

Nikamwachia. Wakarudi kinyumenyume, wakasimama mbali kule kwenye barabara ya malori, yeye akijipangusa suruali kwa hasira. Mimi nilibaki nimelala.

Haukupita muda, kunguru mmoja akashuka. Akatembea kwa maringo kuelekea kwenye tairi. Ndege hakukimbia. Alisimama juu ya mayai yake kwa miguu ile mirefu, akafungua bawa lote, akamkabili. Kunguru akasita, akaruka pembeni.

Chini ya bawa palikuwa kijivu, kama jivu la jikoni. Ningepaza sauti, Jackton angegeuka akaona. Sikumwita. Nilimtajia ndege jina langu zima na la baba yangu, polepole, naye alinisikia, akafunga bawa, akakaa.