Nyumba Zinazoshuka Ziwani

Jumamosi asubuhi Janelle Pryor alifungua mlango wa jikoni ili aanike taulo, akakuta ngazi imebaki nyuma. Nyumba ilikuwa imesogea hatua moja kuelekea ziwani. Aliruka chini, akaanika taulo zake, kisha akaenda kwa jirani kuazima ngazi ndefu zaidi.

Jirani huyo, mzee Col Whitby mwenye trekta, alimwambia asihangaike. Mji wa Hollis ulihamishwa zamani, bonde lilipojazwa maji ya bwawa. Nyumba za mbao zilipandishwa mlimani juu ya malori, nzima nzima, vikombe vikiwa kabatini. Tangu hapo kila majira ya baridi zinateremka kidogo, na theluji ikishayeyuka watu hukusanyika kwa majeki na kamba kuzirudisha. Siku hiyo huchomwa soseji.

"Yako mvivu, Jan," alisema Col. "Ya mchinjaji tuliikuta katikati ya barabara, imezuia basi la shule."

"Dalali hakuniambia."

"Kwani ulimuuliza kama nyumba ina miguu?"

Janelle alikuwa amesafisha wodi za hospitali Canberra maisha yake yote ya kazi, hadi kodi ilipopanda na maji yakamfika shingoni. Nyumba hii ya mbao, yenye paa la mabati yaliyoshika kutu, ndiyo pekee aliyoweza kuinunua. Ilikuwa yake, mradi isivuke uzio wa chini. Ng'ambo ya uzio ardhi ni ya Mamlaka ya Bwawa, na nyumba ikishavuka huhesabiwa imetelekezwa, mwenyewe akafungasha virago.

Baridi iliyofuata haikuleta theluji ya maana. Ziwa lilikauka hadi misingi ya mji wa zamani ikatokeza, na nyumba ya Janelle ikaacha uvivu. Ilitembea hata mchana, yeye akikaanga mayai, bila kumwaga chochote. Ilitanguliza chumba kidogo cha nyuma. Siku moja Janelle alisimama kwenye dirisha la chumba hicho, akaangalia inakoelekea, akavaa mabuti na kushuka. Kwenye matope yaliyopasuka alikuta jiwe la kaburi. Dulcie Tarrant, miaka sita.

Col alimweleza bila kumtazama. Ivy Tarrant, mama wa mtoto, alikataa kuhama. Watu wa Mamlaka walimwahidi kwamba makaburi yangefuata baada ya nyumba, ndipo akakubali, akapandishwa mlimani akiwa amekaa jikoni mwake. Kanisa lililetwa, posta ikaletwa, hata kaunta ya baa. Makaburi yaliachwa.

"Akasubiri?" aliuliza Janelle.

"Mpaka alipofia jikoni kwako. Siku zote alikuwa anapika chakula cha wawili."

Janelle alikwenda kwenye ofisi ya Mamlaka kuomba Dulcie aletwe, azikwe uani. Karani alimsikiliza kwa adabu. Alisema suala la Hollis lilishafungwa, na mvua zikirudi jiwe halitaonekana. Janelle akamwambia kwamba nyumba inamwendea mtoto. Karani akasema wanajua, hata nyumba ya bibi yake mwenyewe ilikuwa hivyohivyo. Ndiyo maana waliweka uzio.

Siku ya kuvuta ilipofika, kona ya chumba kidogo ilikuwa inagusa waya wa uzio. Majirani walifunga kamba. Col alimsogelea Janelle kando.

"Ukitaka iende, sema sasa. Hakuna atakayekulaumu."

Janelle aliwaza vyumba vya kupanga alivyohama, na umri wake. Alimwaza Dulcie, na roho ikamuuma sana.

"Vuteni," alisema, akashika kamba pamoja nao.

Mwaka huo nyumba ilikuwa nzito. Ilirudi nyuma kama mfiwa anayezuiwa asiliendee kaburi, lakini watu walikuwa wengi na trekta lilikuwa zima. Kufikia mchana ilikuwa imekaa sawa juu ya nguzo zake, na watu wakala soseji kwa vitunguu. Janelle aliona aibu na aliona nafuu, vyote kwa pamoja, akashindwa kula.

Mvua ilianza wiki ileile. Ziwa likapanda, likalifunika jiwe. Janelle alihamishia kitanda chake chumba cha mbele, kinachotazama barabara, akalala.