Joto la Maganda

Kila siku baada ya chakula cha mchana, Mama Pacha alikaa kwenye kizingiti cha jiko akiwa na mabeseni mawili. Katika la kwanza alisuuza pakiti za maziwa, akazipasua kwa mkasi na kuzianika kwenye kamba kwa vibanio, maana mwenye mkokoteni wa kukusanya pakiti hapokei inayonuka. La pili lilikuwa la maganda ya viazi na ndizi, majani ya chai yaliyokamuliwa, na maganda ya mayai aliyoyaponda kwa mwiko. Hilo alilibeba hadi nyuma ya nyumba, akayafukia maganda hayo tumboni mwa lundo la mboji na kufunika juu kwa maboksi yaliyochanwa.

Si kwamba alipenda takataka. Alipenda nyanya, na nyanya hupenda mboji. Ndiyo maana lundo lilikuwepo kabla ya msiba, na mumewe aliporudi akakuta mahali pa kukaa.

Mumewe alikuwa mpanga makreti katika chumba cha baridi cha kiwanda cha maziwa. Jioni moja mlango ulijifunga nyuma yake, na mkono wa kufungulia kwa ndani ulikuwa umevunjika siku nyingi. Walimkuta asubuhi. Baada ya mazishi alianza kuja saa kumi, saa yake ya kutoka kazini, na mabuti yake meupe na barafu kwenye nyusi. Hakupita mlango wa mbele. Alizunguka moja kwa moja hadi uani, akapiga magoti na kuzamisha mikono kwenye lundo mpaka viwikoni.

"Kumbe kuna joto," alisema siku ya kwanza.

"Ni maganda. Yakioza yanachemka," Mama Pacha alimwambia. "Angalia tu ya mayai yasikukate."

Alimwacha apashe mikono, akarudi jikoni kuosha vyombo, na huko ndiko alikolia.

Jirani yake alichungulia juu ya ua.

"Baba Pacha kaja?"

"Kaja."

"Bado ana baridi?"

"Ileile."

Kesho yake jirani alileta ndoo ya maganda yake mwenyewe. Mtaa una masikio. Haukupita muda mrefu kila jiko likawa linaleta chochote lilichobakiza, na muuza juisi wa kona akaleta gunia la maganda ya machungwa. Mume alilalamika kwamba machungwa yanamwasha. Kufa kote kule hakukumpunguzia hata kidogo tabia ya kulalamika, na Mama Pacha alifurahi kwa hilo kuliko alivyotaka kukiri.

Kisha mmoja wa binti zake pacha akamjia na koleo mkononi. Alikuwa ameotesha miche ya nyanya kwenye vikopo vya mtindi, na miche ilishaanza kurefuka vibaya.

"Mama, mboji imeiva. Imekuwa nyeusi na haina harufu. Nichote?"

Mama Pacha alitia mkono. Ilikuwa imepoa. Mboji ikiiva hupoa, na mwenye bustani yeyote hushukuru. Jioni ile mumewe alizamisha mikono hadi mabegani na bado meno yake yaligongana. Hakulalamika hata neno moja, na hapo ndipo mkewe alipoogopa.

Alichukua uma wa bustani, akalipindua lundo lote na kuchanganya ile mboji nzuri na mabaki mabichi ya mtaa mzima. Baada ya siku chache lilitoa mvuke tena. Miche ikafia kwenye vikopo vyake. Binti alivisuuza, akaviweka pamoja na pakiti za maziwa.

"Nyanya tutanunua," alisema, na hakuomba mboji tena.

"Hivi utapata joto lini?" Mama Pacha alimuuliza mumewe.

"Sijui, mke wangu. Ule mlango bado hawajautengeneza. Kila ukifungwa nausikia."

Basi akavaa viatu vyake vya heshima, akaenda kiwandani. Meneja alimpokea vizuri. Alikuwa amevaa sweta, kwa sababu ofisi yake ilipakana na ukuta wa chumba cha baridi.

"Baba Pacha anaendeleaje?" aliuliza.

"Anasikia baridi."

"Mpe pole sana. Ajali haina kinga, mama."

"Hii ilikuwa na kinga. Ni mkono wa mlango."

Meneja alikubali kwa kichwa. Alisema kifaa kimeshaagizwa, na kwa sasa wamebandika tangazo la tahadhari mlangoni. Kisha akamkabidhi katoni ya maziwa na kumsindikiza mpaka getini. Mama Pacha alitaka kuyamwaga pale pale mbele ya mlinzi, lakini alilelewa kutomwaga chakula. Waliyanywa, wakasuuza pakiti, wakazianika.

Alikuwa akipindua lundo siku ya upepo mwingi alipoona mabuti meupe jozi mbili. Wa pili alimtambua mara moja. Ndiye aliyechukua kazi ya mumewe. Siku ya mazishi alibeba viti, akakataa kupumzika. Sasa alisimama kando, mikono kwapani, akiona haya kama mgeni aliyefika wakati watu wanakula.

"Samahani, mama. Kwetu ni ghorofani, hatuna uani."

"Karibu," alisema mume, akajisogeza kumpisha.

Mama Pacha aliegemeza uma ukutani.

"Si walibandika tangazo?"

"Walibandika, tena kwa ndani," alisema yule mtu, akipiga magoti. "Nimelisoma mpaka macho yakaganda."

Lundo halikuwatosha wawili. Viwiko vyao viligongana. Mama Pacha aliingia stoo, akatoa ile katoni ya kiwanda pamoja na maboksi yote aliyokuwa nayo, akaanza kuyachana na kuyatandika chini kwa msingi wa lundo jipya. Jirani alikuja na ndoo yake, akawaamkia wanaume wote wawili, akautazama ule msingi uliofika hadi kwenye ua.

"Mbona umeupanua hivyo? Si kaongezeka mmoja tu?"

"Leo ni mmoja," alisema Mama Pacha, akachukua boksi jingine.