Nukta ya Bwana Twahir

Kompyuta ya marehemu Bwana Twahir ilikuwa imebaki skrini nyeusi na maandishi meupe tu. Kipanya kilikufa zamani, picha hazikufunguka, na mnunuzi wa vyuma chakavu alishamfunga punda wake mlangoni pa duka, anasubiri.

"Bi Kemunto, tafadhali," Shifaa akaniambia. "Hapana ndia nyingine?"

Alitaka sauti ya mama yake, aliyefariki mwaka juzi bila kuacha hata ujumbe mmoja wa simu. Iliyobaki ni ile ya harusi ya Shifaa, mama alipoimba mbele ya wanawake wenzake. Najua ilikuwepo. Kamera niliishika mimi, mwalimu mgeni kutoka Kisii, kwa kuwa Bwana Twahir, mwenye duka la video, asingeweza kuingia walipo wanawake.

Nilikaa kwenye kiti chake. Hapa ndipo aliponifundisha amri, miaka kumi na miwili iliyopita. "Kipanya cha nini, nawe una vidole kumi?" alikuwa akinitania. Nikiandika cd, tunaingia folda nyingine. Nikiandika rm, ile ya kufuta, bila kusoma mara mbili, anapiga meza kwa rula. Jamani, nilimpenda mzee yule!

Nikaandika ls. Mafaili yakajiorodhesha: maulidi, mbio za punda, kasida, mikutano ya shule. Wanaume tu. Nikarudia kwa hasira, kana kwamba kompyuta ni kiziwi. Wanaume wale wale.

Shifaa akajifunika uso kwa mtandio. "Basi, mwache achukue."

"Hachukui kitu!" nikafoka, hata punda nje akashtuka.

Ndipo nikakumbuka. Siku nilipomrudishia kamera, Bwana Twahir alihamisha mafaili bila kutazama hata picha moja, akaweka nukta mbele ya kila jina. "Vijana huingia hapa," alisema. "Ya wanawake huvutiwa pazia." Jina lenye nukta mbele, ls hailionyeshi mpaka uiombe.

Nikaandika ls -a.

.harusi_shifaa

Nikalinakili faili kwa cp kwenye flashi, bila nukta yake, nikaichomeka kwenye laptopu yangu, tukafunga mlango. Mama akaimba, vigelegele vikamfuata. Shifaa akalia, akacheka, akalia tena. Kisha, katikati ya ubeti, mama akanyamaza, akatazama kamera.

"Mpokeeni Bi Kemunto hiyo kamera, naye aje acheze. Si mgeni huyu."

Nilikuwa nimesahau. Picha ikayumba, ikabaki kwenye dari. Hapo ndipo nilipokwenda kucheza. Sasa nikalia mimi.