Mnyororo Ndani ya Pindo

Pale Gatitu, nje kidogo ya Nyeri, hakuna aliyejua kwamba fundi wa nguo wa karibu na posho mill ya kusagia unga anaitwa Monicah. Alikuwa Mama Shiku. Mama Shiku, nipunguzie hii kiuno. Mama Shiku, zipu imekataa. Mama Shiku, sare za watoto utamaliza lini? Jina hilo lilimkaa kama nguo iliyokatwa kwa kipimo chake. Lilisema kwamba ana mtu.

Alikuwa amelelewa na masista. Mama yake alifariki yeye akiwa na miaka tisa, na baba yake, aliyezunguka masokoni akiuza mchele wa Mwea kwa baiskeli, alimkalisha juu ya gunia tupu, akaendesha kutwa nzima mpaka lango la makao ya mayatima. "Nakuja Jumapili," akamwambia. Jumapili ilikuwa siku ya wageni. Sista mmoja Mwitaliano alisimama mlangoni na kumuuliza kila aliyeingia, "Umekuja kwa nani?" Mgeni akitaja jina, mtoto mmoja aliinuka kwenye benchi. Monicah alikaa kwenye benchi hilo Jumapili za miaka tisa. Alipoondoka alikuwa anajua kushona kuliko wasichana wote, na yule sista, ambaye sasa alikuwa hawezi kusimama, alimpa rozari yake ndefu ya kufunga kiunoni.

Mwaka wake wa mwisho katika chuo cha mitindo, binti yake Shiku aliambiwa aandike historia ya nyumba moja ya mitindo ya Ufaransa. Akachagua Chanel. Alasiri, wateja walipopungua, alikuwa akikaa juu ya meza ya kukatia nguo na kusoma kwenye simu, akitafsiri, huku mama yake akikanyaga cherehani.

"Mami, sikia. Huyu Gabrielle Chanel, mama yake alikufa yeye akiwa mtoto. Baba yake alikuwa anauza vitu sokoni. Akampeleka na dada zake kwa masista. Hakurudi."

Mguu wa Monicah ulisimama juu ya pedali. "Hakurudi kabisa?"

"Kabisa. Masista ndio walimfundisha sindano. Ati hata nyeusi na nyeupe yake, watu husema aliitoa kwa nguo za masista."

"Ai! Kumbe huyo ni mtu wetu."

Tangu siku hiyo ikawa ni kuuliza tu, mtu wetu amefika wapi? Alifika Paris, akafungua duka la kofia. Alichukua kitambaa kilichokuwa cha chupi za wanaume, akakifanya magauni, na wanawake matajiri wakapanga foleni. Vita vikaja, akafunga vyumba vya kushonea na kuwaachisha mafundi kazi.

"Wote?"

"Karibu wote."

"Hapo amekosea," Monicah akasema, akakata uzi kwa hasira kana kwamba yeye mwenyewe ameachishwa.

Akiwa na miaka sabini alifungua tena, akashona lile koti fupi la sufu lisilo na kola, ambalo ndani ya pindo lake umeshonewa mnyororo mwembamba, ili koti lining'inie sawa mvaaji akiinua mkono. Hilo Monicah alilisikiliza kwa makini.

"Lakini alikuwa muongo huyo," Shiku akaendelea. "Alisema ati alilelewa na shangazi zake. Na baba yake ati ameenda Amerika kutafuta mali."

"Adanganye kwa nini?"

"Aibu, mami. Kama unavalisha matajiri, utawaambia ulitoka kwa mayatima?"

"Mimi ningewaambia."

"Ndiyo maana uko Gatitu."

Wakacheka. Shiku ndiye aliyeanza.

Kwa kazi yake ya kumalizia masomo, Shiku alichora koti la namna ile, akalikata mwenyewe, na mama yake akamsaidia bitana na pindo. Mnyororo waliutafuta mjini Nyeri wakaukosa. Walioupata ulikuwa wa kufungia mbwa. Monicah akatoa rozari katika mkebe wa vifungo, akang'oa shanga moja moja kwa koleo, akaunga vipande vya mnyororo wake kimoja kwa kingine. Ulitosha mgongoni tu. Shiku aliuona, akasema, "Wow, mami," akarudi kwenye simu yake.

Katika maonyesho ya chuo kile kulikuwa na desturi. Kila anayemaliza huitwa mbele amevaa kazi yake, kisha huambiwa awasimamishe watu wake waonekane. Monicah aliifikiria siku hiyo tangu muhula wa kwanza. Ndiyo maana alishangaa Shiku aliposema, "Usisumbuke, mami. Mwaka huu hawaiti wazazi."

Beth, anayeuza sukuma wiki kibanda cha pili, ndiye aliyemzindua. "Kwani wewe huendi? Wazazi wote wameitwa, ni kesho. Tabby wangu amenisumbua mpaka nimenunua viatu."

"Shiku ako na mambo mengi," Monicah akajibu. "Amesahau tu."

Akavaa gauni lake la bluu, sindano ikiwa imechomekwa chini ya kola kama kawaida yake, akakaa safu ya nyuma ukumbini. Msichana mmoja alimsimamisha baba yake, polisi kutoka Kakamega, naye akapiga saluti, ukumbi ukaangua kicheko. Tabby akamsimamisha Beth, na Beth akainua mguu kuonyesha viatu. Kisha akaitwa Shiku.

Koti lilining'inia sawa. Hata alipogeuka, pindo halikupanda.

"Na wewe, tuonyeshe watu wako," Madam Mwikali, mwalimu wao, akamwambia na kumpa kipaza sauti.

Macho ya Shiku yalipita juu ya vichwa, yakafika kwenye gauni la bluu, yakasimama. Monicah alikuwa ameshaweka mkoba chini. Alikuwa ameshika kiti cha mbele yake, magoti yamekwisha kunyooka nusu.

"Mama yangu hayuko," Shiku akasema. "Yuko Italia. Ako na duka la nguo huko. Hata huu mnyororo wa ndani ya pindo, yeye ndiye alinitumia."

"Mpigieni makofi mpaka yasikike Italia!" Madam Mwikali akasema.

Watu wakapiga. Monicah akakaa, na mikono yake ikapiga pia, kwa sababu haikujua la kufanya. Beth akageuka kumtazama, akafungua mdomo. Monicah akamtikisia kichwa.

Wakati wa chai wageni walimzunguka Shiku wakigeuza pindo kuona mnyororo. Pete ya mama mmoja ikanasa uzi. Pindo likafumuka, mnyororo ukaning'inia nje.

"Nani ako na sindano?" Madam Mwikali akaita.

Mkono wa Monicah ulikwenda kwenye kola kabla hajafikiri. Watu wakampisha.

"Asante, mama. Na wewe umekuja kwa nani?"

Shiku alikuwa akitazama sakafu.

"Sikuja kwa mtu," Monicah akasema. "Mimi ni fundi, niko Gatitu. Nilitaka kuona kazi za watoto."

"Unaitwa nani?"

"Monicah."

"Basi, Monicah, tuokolee huyu binti wa Italia."

Akapiga magoti nyuma ya Shiku, akarudisha mnyororo mahali pake, akaanza kushona. Alishona mishono midogo, ile ya masista. Juu yake akasikia sauti ndogo, "Mami, nitakuelezea nyumbani."

"Simama wima, madam, nisikuchome."

Akamaliza, akakata uzi kwa meno. Madam Mwikali akainama, akapitisha kidole kwenye pindo. "Hebu oneni! Huwezi kujua wapi ni pa zamani na wapi ni pa sasa. Ungedhani ni mkono mmoja."

"Ni uzi tu unafanana," Monicah akasema. Akarudisha sindano chini ya kola, akachukua mkoba wake. Langoni mwa chuo palikuwa na benchi la kungojea magari. Beth alikuwa amekaa hapo na viatu vyake vipya, akampigapigia mahali pa kukaa kando yake.

"Mama Shiku, kuja."

Monicah alipita kama hajaitwa.