Pumzi ya Mchinjaji

Siku Jeki alipomng'oa mkewe meno mawili, habari ilifika machinjioni kabla ya mke mwenyewe. Mke huyo alikuwa muosha matumbo wa pale pale, na walimwita Sindano, kwa wembamba wake na kwa ulimi wake. Asubuhi ile ulimi ulikuwa umelala. Alikuja na mdomo umevimba kama umeumwa na nyuki, akavaa buti zake za mpira, akafunga aproni, akaanza kazi bila kumsalimu mtu.

Kaka yake, mchinjaji mkuu wa zamu, alimtazama mara moja tu. Kwani kuna cha kuuliza? Akaosha kisu, akakiweka mezani kwa adabu zote, akaelekea chumba cha baridi alikokuwa shemeji yake.

Jeki alikuwa mpakiaji. Jina alilipata kwa sababu aliweza kuinua nusu ya ng'ombe peke yake na kuitupa kwenye lori huku anapiga mluzi. Lakini mluzi ule haukufika mwisho. Kaka alichomoa ndoana ya nyama kwenye reli, akamkita nayo begani, akamburuta katikati ya mizoga iliyoning'inia. Jeki akapiga yowe, akajipindua, akamdaka kichwa na kukigongesha kwenye nguzo ya chuma, mara ya kwanza, mara ya pili, mpaka paji la uso likapasuka. Wakaanguka chini, wakaumana kama fisi. Damu yao ikatiririka kwenye mfereji mmoja na damu ya ng'ombe, na nani angejua ipi ni ya nani?

Bangili zao zikawaka nyekundu. King'ora kikalia, mashine zikasimama, walinzi wakaja mbio na virungu.

Hapo ndipo ilipokuwa zamu ya Bi Pole. Hilo ndilo jina ambalo wafanyakazi waliipa ile akili mnemba iliyonunuliwa na kampuni kusuluhisha ugomvi. Mahali penye visu kila meza, hasira si jambo la mzaha, kwa hiyo kila mtu alivalishwa bangili ya kupima mapigo ya moyo na jasho la ngozi. Kijani, umetulia. Njano, jiangalie. Nyekundu, walinzi waingie. Bi Pole mwenyewe alikuwa sauti tu iliyotoka kwenye bangili hizo, sauti ya mama mtaratibu, na kila neno lake lilianza na "pole", ingawa hajawahi kupigwa hata kofi maishani. Alikuwa na masikio lakini hana macho, maana wafanyakazi waligoma kuwekewa kamera. Tuseme haki, wengi aliwapatanisha. Watu walioapa kuchinjana walitoka kwake wakicheka.

Basi kesho yake wote watatu wakaitwa Chumba cha Sulhu. Kulikuwa na meza, viti vya chuma, birika la maji, na mtungi wa kuzimia moto ukutani. Meneja alisimama mlangoni na kompyuta yake ya mkononi, walinzi wakiwa nje. Masharti aliyaeleza wazi: bangili zote zikiwa kijani, washikane mikono, kesi imekwisha. Wakishindwa, polisi, na mwenye ndoana ndiye atakayeozea jela.

Sindano alimuomba Mungu kimoyomoyo yaishe. Si kwa ajili ya Jeki, aa wapi! Jeki angekanyagwa na lori lake mwenyewe asingemlilia. Alimuombea kaka. Baba yao alipokufa, kaka ndiye aliyemlea, na sasa alikuwa na watoto wanne wanaomngojea kila jioni. Sindano hakuwa na mwingine duniani.

"Poleni, ndugu zangu," Bi Pole akaanza. "Mume aseme kwanza."

"Mimi sina neno," Jeki akasema, bega limefungwa bandeji. "Mke ni wangu, nyumba ni yangu. Nilimgusa kidogo tu."

"Kidogo?" Sindano akafoka, na pengo lake likapuliza upepo. Bangili yake ikawaka nyekundu.

"Pole, dada. Naona moyo wako unakwenda mbio. Kunywa maji."

Kaka alikuwa ameinamisha kichwa. Bangili yake ilikuwa nyekundu tangu alipoingia. Halafu, taratibu, ikawa njano. Mabega yakashuka. Midomo ikaachana kidogo. Bangili ikawa kijani, kijani kibichi, hata ya meneja haikuwa imetulia vile.

"Nimemsamehe," kaka akasema.

"Hongera sana, ndugu yangu," Bi Pole akasema, na ungedhani sauti ile inalengwalengwa na machozi.

Sindano akamkazia macho kaka. Aliyajua mabega yale. Aliijua midomo ile.

Walipokuwa wadogo, baba alimfundisha kaka kuchinja, na yeye Sindano alishika miguu ya mbuzi. Mnyama, baba alisema, anasikia moyo wako kupitia mkono wako. Ukienda na papara naye ataogopa, atajitupa, utamkata vibaya. Kwa hiyo tulia kwanza. Vuta pumzi. Izuie. Achia nusu. Halafu kata. "Simba mwenda pole ndiye mla nyama," mzee alipenda kusema, huku anafuta kisu. Watoto wote wawili waliifanya pumzi ile mpaka wakaizoea kama kupepesa macho.

Na sasa kaka yake alikuwa anaivuta.

"Bosi," Sindano akamgeukia meneja, "usiwaache wasogeleane. Huyu hajasamehe. Namjua, hivi ndivyo anavyokuwa kabla ya kuchinja."

Meneja akatazama kioo chake, akatabasamu kwa uchovu. "Dada, mwenye nyekundu humu ndani ni wewe peke yako."

"Nakwambia atamuua!"

"Pole, dada," Bi Pole akaingilia. "Hofu yako inachafua mazungumzo ya wenzako. Tafadhali toka nje upumue kidogo. Ndugu zangu, simameni mkumbatiane."

Jeki akasimama, akafungua mikono kwa mbwembwe, kidevu juu, shingo wazi. Kaka naye akasimama. Akainama kidogo kama mtu anayepandisha soksi, na vidole vyake vikazama ndani ya buti.

Hakukuwa na muda wa kueleza. Sindano aling'oa mtungi wa moto ukutani, akauinua kwa mikono miwili, na mkono wa kaka ulipotoka na kisu cha kuchunia, akauponda. Mkono ukabanwa baina ya mtungi na ukingo wa meza. Mifupa ikalia kama kuni kavu. Kaka akapiga ukelele ambao ng'ombe hajawahi kuupiga, kisu kikadondoka, na Sindano akajitupa juu ya kisu kifudifudi kabla mtu hajakiona. Walinzi wakaingia, wakamrukia. Kirungu kikampata mgongoni, kingine sikioni. Chini ya tumbo lake, vidole vyake vikakisukuma kisu ndani ya buti yake mwenyewe.

Kwa hiyo hakuna aliyejua. Meneja alikuwa ameinamia kioo chake, Bi Pole hana macho, na Jeki alikuwa anatazama dari akingojea kukumbatiwa. Kilichoandikwa ni kwamba mwanamke mwenye bangili nyekundu alimshambulia ndugu yake aliyetulia. Wakamsimamisha kazi hapo hapo, wakamwambia bangili asiivue mpaka itakapokuwa kijani.

Kutoka hapo alikwenda moja kwa moja hospitali. Kaka alikuwa amelala, mkono umefungwa mpaka kiwiko. Daktari alikuwa amekwisha kumwambia kwamba vidole vile havitashika kisu tena.

"Umenimaliza, mdogo wangu," kaka akasema. "Nitawalisha nini watoto?"

"Wangekula nini na wewe umenyongwa?"

Kaka akageukia ukuta. Alikuwa analia, na Sindano hakuwahi kumwona analia, hata kwenye msiba wa baba. "Na yule?" akauliza. "Yule ataacha?"

Sindano alimfunika shuka vizuri, akaondoka.

Alifika nyumbani alasiri akiwa na buti zake za kazini miguuni. Alikuwa anataka kuchukua nguo zake tu aende kwa wifi yake, akamsaidie na watoto. Alikuwa bado anakunja khanga ya pili Jeki alipoingia, uso unameta kwa furaha.

"Mke wangu!" akasema. "Leo umenivisha kilemba mbele za watu. Umemvunja kaka yako kwa ajili yangu! Kazini kote wanasema, yule mwanamke anampenda mumewe."

"Sikufanya kwa ajili yako. Naondoka."

Furaha ikamtoka Jeki usoni. Akaufunga mlango, akaingiza ufunguo mfukoni. Halafu akampiga kwa mkono wake mzima, ngumi moja ya shavu, na Sindano akaenda chini pamoja na nguo zake. Akampiga teke la mbavu. Akampiga la pili. Mdomo wenye pengo ukajaa damu tena.

"Nani alikwenda kumwambia kaka yako mambo ya nyumba yangu? Eh? Meno mawili hayakutosha?"

Sindano alijikunja, magoti kifuani. Bangili ilikuwa inawaka nyekundu kama kaa la moto, na hakuna mlinzi aliyekuja. Nani aje? Walinzi ni wa machinjioni. Alimfikiria kaka aliyegeukia ukuta. Alifikiria swali lake. Mkono ukateremka wenyewe mpaka kwenye buti, ukagusa mpini, na mabega yake yakashuka.

Bangili ikawa njano. Halafu ikawa kijani.

"Pole, dada," sauti ya Bi Pole ikasema kutoka kwenye kifundo cha mkono wake, tamu kama kawaida. "Hongera. Sasa umetulia."

Jeki akasita, akatazama ile taa, akaangua kicheko. "Umeona? Hata mashine inajua dawa yako." Akainama kumshika ukosi amwinue, kidevu juu, shingo wazi, bado anacheka.

Sindano akavuta pumzi. Akaizuia. Akaachia nusu.