Udongo wa Chini ya Bomba

TANGAZO

Wakazi wote wa Mabwawani mnaalikwa Jumamosi, uwanja wa shule. Mmiliki wa eneo la kilichokuwa kiwanda cha ngozi atatoa majibu ya upimaji wa mashapo (tope la chini) ya kijito. Baada ya hapo viwanja vitaanza kuuzwa. Soda zitakuwepo.

1.

Soda.

2.

Dada yangu Namsifu alikuwa mjamzito. Kama wajawazito wote wa hapa, alikula udongo. Aliuchimba ukingoni, chini ya bomba la kiwanda, kwa sababu wa pale ulikuwa na chumvi tayari. Wa mlimani, alisema, hauna ladha.

Chumvi ilikuwa ile ya kuhifadhia ngozi. Haikuja peke yake.

Mtoto alizaliwa hakulia. Namsifu hakuamka kumuuliza mtu kwa nini.

3.

(Mama)

Wasije kuniambia ni mapenzi ya Mungu. Mungu hakuwa na kiwanda hapa.

4.

Mpimaji, dada Levina, aliniajiri kumbebea ndoo. Alinieleza kazi yake taratibu: unatia tope chupani, unaweka minyoo hai, unangoja. Tope likiwa zima, minyoo inajichimbia. Likiwa na sumu, inakimbilia kwenye kioo.

Aliomba sepetu achimbe kwenda chini. Bwana Kisamo, mwenye eneo, akasema muda hautoshi, achote la juu tu. La juu lilikuwa tope jipya la mvua za juzi. Levina akatazama viatu vyake. Akachota.

Mimi nilishika ndoo. Nilitaka kusema kwamba

5.

(Minyoo, chupa ya Bwana Kisamo)

Hapa pazuri. Tunalala.

(Minyoo, chupa ya tope nililorudi kuchimba mwenyewe, chini kabisa, nikampelekea Levina)

Juu

      juu

            juu

                  ju

6.

"Nimeiona," Levina alisema. "Lakini majibu nimeshasaini, mdogo wangu."

7.

Kwenye foleni ya soda:

"Mimi nataka kiwanja cha kona."

"Kona ya makaburi?"

"Cheka tu. Utakuja kuniomba maji."

"Maji yako? Bora nioge soda."

8.

Nilikuwa nimekaa getini na karai la udongo niliokausha motoni. Nilijua Bwana Kisamo atakuja na binti yake, Beatha, ambaye tumbo lake lilishaonekana. Hakuna mjamzito wa kwetu anayepita karai la udongo kama halioni.

Bwana Kisamo alisema kwenye kipaza sauti kwamba tope lote la kijito ni salama. Hata mtoto anaweza kulichezea.

Beatha aliinama, akachagua kipande, akakimega.

"Tema," baba yake alisema.

Kipaza sauti kilikuwa bado mdomoni mwake. Uwanja mzima ulisikia.

"Kwa nini, baba?"

Bwana Kisamo alinijia mimi, akaniuliza udongo nimeuchimba wapi.

Wewe unayesoma, najua nawe unataka kujua.

Ngoja kwanza. Angoje na yeye.

"Mzee," nikasema, "si umesema lote ni salama?"

Mtu mmoja aliweka soda yake chini. Kisha mwingine. Mama alikuwa amesimama.

Bwana Kisamo aliniuliza tena, safari hii kwa sauti ndogo, karibu ya kuomba.

Beatha alikuwa ananitazama. Mkono shingoni, shavu limevimba kidogo.

Hajameza.

Hajatema.