Mita Moja ya Uchochoro

Mstari mwekundu wa wapimaji ulikata sebule ya Bi Nhạn, ukipita chini ya madhabahu yenye picha ya marehemu mumewe. Uchochoro mzima, uliokuwa mashamba ya mchicha wa maji kabla Saigon haijaufikia, ulikuwa umekubali kila nyumba itoe mita moja ili njia ipanuliwe. Alibaki yeye tu, na fomu ya kukubali ilitakiwa kabla ya saa sita mchana.

Tangu alfajiri hakuweza kutulia. Alifagia, akaketi, akafagia tena. Mwishowe aliwasha udi, akamwomba mumewe ruhusa ya kuihamisha madhabahu yake, akarusha sarafu mbili kwenye sahani. Zikionyesha pande tofauti, marehemu amekubali. Zilifanana. Akarusha tena, zikafanana.

"Shemeji kakataa?" Jirani yake Quýnh alichungulia mlangoni. "Ubishi wake ule ule! Hata kofia ya pikipiki tulikuwa tunamvalisha kwa nguvu."

"Usinichekeshe, mwenzio roho inanidunda."

"Dada, siku ile gari la wagonjwa lilimsubiri kule barabarani, halikuweza kuingia kwenye uchochoro. Tulimbeba juu ya mlango, unakumbuka? Mimi nilishika upande wa miguu." Quýnh aliitazama picha ya marehemu. "Tulichelewa."

Nhạn aliziokota sarafu, akazifumbata kiganjani mpaka zikapata joto. Kisha akazitia mfukoni, akachukua kalamu, akaisaini fomu.

"Utanisamehe, baba watoto," aliiambia picha. "Leo sikuulizi. Nakuarifu tu."

Akamgeukia Quýnh. "Shika madhabahu upande ule. Na taratibu, usije ukamwangusha."